Siku ya Tatu Mpe Jembe

  Mwezi huu tunawachukueni safari ya mbali kidogo, hadi Ugiriki, kwenye mji mdogo wa pwani ambao wengi wetu hatujawahi hata kusikia jina lake. Lakini kabla hatujaondoka, tuulizane swali moja.

Uko jikoni. Sufuria iko mekoni, mtoto mdogo analala. Mara jirani anaingia mbio na kukuambia: "Mama fulani, tunatoka. Meli iko pwani, na hatutarudi tena." Utachukua nini?

Twajua jibu la kwanza la kila mama: watoto. Haya, watoto umewachukua, mmoja mgongoni, mwingine umemshika mkono. Mkono uliobaki utashika nini? Ufunguo wa nyumba? Biblia ya mama yako? Unga? Mbegu za kupanda huko uendako?

Wanawake waliouanzisha mji tutakaouzungumza leo walijibu swali hilo kwa vitendo, si kwa maneno. Ndiyo maana tumeona habari zao zinatuhusu.

Mji wenye jina la mbinguni

Kaskazini mwa Ugiriki nchi kavu inaingia baharini kama mkono wenye vidole vitatu. Sehemu hiyo yote inaitwa Halkidiki. Kidole cha tatu, cha upande wa mashariki, ndicho chenye Mlima Athos, ambao Wagiriki huuita Mlima Mtakatifu. Huko kuna monasteri kubwa 20 za Kanisa la Kiorthodoksi, na kwa karne nyingi hakuna mwanamke anayeruhusiwa kukanyaga ardhi hiyo.

Pale mpaka wa watawa unapoanzia, kando kabisa ya maji, upo mji wa Ouranoupoli. Maana yake ni "mji wa mbinguni". Jina ni la kale. Katika karne ya 4 kabla ya Kristo, mwana wa ukoo wa kifalme aliyeitwa Alexarchos, ndugu yake mfalme Kassandros wa Makedonia, alianzisha mji wenye jina hilo katika sehemu hizo. Mji huo wa kale ulitoweka, na kwa muda mrefu mahali pale palibaki shamba la monasteri ya Vatopedi, lililolindwa na mnara mkubwa wa mawe. Mnara huo umetajwa katika maandishi tangu mwaka 1344, na hadi leo umesimama ufukweni.

Mgeni anayefika Ouranoupoli siku hizi huona hoteli, mikahawa ya samaki, na mashua zinazopeleka mahujaji wa kiume kwenye monasteri kila asubuhi. Wanawake nao hupanda mashua nyingine, wakaizunguka pwani ya Athos na kuzitazama monasteri kwa mbali. Ni mahali pa mapumziko. Mtu anaweza kukaa wiki nzima, akaogelea na kupiga picha za mnara, asijue kwamba mji huu haujatimiza hata miaka mia na kumi, na kwamba waliouanzisha walifika hawana chochote.

Walitoka wapi?

Tangu zamani za kale Wagiriki wengi hawakukaa Ugiriki. Walikaa ng'ambo ya bahari, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Sisi wasomaji wa Biblia tunaijua nchi hiyo kuliko tunavyodhani. Efeso iko huko. Smirna iko huko. Kapadokia, inayotajwa siku ya Pentekoste, iko huko. Wakristo wa huko waliishi pamoja na Waislamu majirani zao kwa mamia ya miaka chini ya dola ya Waturuki, wakauziana na kununuliana, wakati mwingine kwa amani, wakati mwingine kwa taabu.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia amani hiyo ilikatika. Mwezi wa Mei 1919 majeshi ya Ugiriki yaliteremka Smirna, nayo yakaingia ndani ya nchi kupigana na Waturuki waliokuwa wakiongozwa na Mustafa Kemal. Vita vilidumu miaka mitatu, na raia wa pande zote mbili waliumia sana. Mwezi wa Agosti 1922 jeshi la Ugiriki lilivunjika. Mwezi wa Septemba Smirna iliungua moto, watu wamejazana gatini, nyuma yao ndimi za moto na mbele yao bahari. Wanaume wengi wa umri wa kufanya kazi walizuiwa na kupelekwa kwenye vikosi vya kazi ngumu, na wengi wao hawakuonekana tena. Kwa hiyo waliopanda meli walikuwa zaidi wanawake, watoto na wazee.

Tarehe 30 Januari 1923, huko Lausanne nchini Uswisi, Ugiriki na Uturuki zilitia sahihi mapatano ya kubadilishana watu. Wakristo wa Kiorthodoksi wa Uturuki wahamie Ugiriki; Waislamu wa Ugiriki wahamie Uturuki. Wachache tu waliachwa, kama Wagiriki wa Istanbul na Waislamu wa Thrakia ya magharibi. Hakuna mama aliyeulizwa kama anataka. Lugha haikutazamwa, wala mahali mtu alipozaliwa. Kilichotazamwa ni dini tu. Wakristo zaidi ya 1,200,000 waliishia Ugiriki, nchi iliyokuwa na watu wapatao milioni 5 tu. Fikiria nyumba ya watu wanne, akaongezeka wa tano kwa mkupuo, naye hana shuka wala kijiko.

Wale walioletwa Ouranoupoli walitoka sehemu mbili. Kundi la kwanza lilitoka visiwa vya bahari ya Marmara. Hao walikuwa watu wa bahari: wavuvi, mabaharia, wenye mizeituni na mizabibu. Kundi la pili lilitoka Kaisaria ya Kapadokia, mbali sana na bahari. Hiyo ndiyo Kaisaria ya Mtakatifu Basili, askofu wa karne ya 4 aliyejenga nyumba ya kutunza maskini, wagonjwa na wasafiri. Watu wa Kaisaria walikuwa wakulima, wafanyabiashara na wafumaji. Wengi wao hawakujua Kigiriki. Lugha waliyonyonya kwa mama zao ilikuwa Kituruki, na hata sala walizisoma kwa Kituruki kilichoandikwa kwa herufi za Kigiriki.

Kufika si kupona

Mara nyingi tunaposikia habari za wakimbizi tunadhani shida inaisha meli inapotia nanga. Sivyo. Waliofika Thessaloniki walipitishwa kwanza kwenye karantini ya Kalamaria. Nguo zilipigwa mvuke, na wanawake walinyolewa nywele kwa hofu ya chawa na homa. Wewe mama uliyesuka nywele zako tangu utoto, unafika nchi unayoambiwa ni yako, na salamu ya kwanza ni mkasi.

Salamu ya pili ilikuwa maneno. Wenyeji wengi hawakuwapenda wageni hawa. Waliona wamekuja kunyang'anya kazi na mashamba. Wale waliosema Kituruki waliitwa "mbegu za Waturuki". Kule walikotoka walifukuzwa kwa sababu ni Wagiriki. Huku walikofika wakatukanwa kwa sababu ni Waturuki. Waende wapi tena?

Serikali ya Ugiriki haikuweza mzigo huo peke yake. Mwaka 1923 Shirika la Mataifa lilisaidia kuunda Tume ya Makazi ya Wakimbizi, na mwaka uliofuata Ugiriki ikakopa fedha nje kwa ajili ya kazi hiyo. Tume iligawa viwanja, mbegu, zana na wanyama wa kulimia, ikajenga nyumba ndogo ndogo, nyingi zikiwa za vyumba viwili. Wakulima wengi walipelekwa Makedonia na Thrakia, na mashamba makubwa ya monasteri yaligawanywa ili wapate pa kukaa. Shamba la Vatopedi lenye mnara ni mojawapo. Kisiwa cha Amouliani, kilicho karibu na hapo, ni kingine. Nacho kilikuwa mali ya monasteri hiyo hiyo kabla ya wavuvi wa Marmara kuingia.

Ukitembea pwani ya Ugiriki leo utakutana na majina mengi yanayoanza na neno Nea, maana yake "mpya": Nea Moudania, Nea Kallikratia, Nea Michaniona, Nea Roda. Kila jina la namna hiyo ni kama ufunguo ambao mtu aliutoa kwao, mlango ukabaki ng'ambo. Hata timu za mpira ambazo vijana wetu huzitazama, AEK ya Athens ya mwaka 1924 na PAOK ya Thessaloniki ya mwaka 1926, zilianzishwa na watu waliotoka Istanbul.

Pale mnarani hali ilikuwa ngumu. Malaria iliwashika wakubwa kwa wadogo. Udongo ulikuwa hafifu. Watu wa visiwani walijua bahari lakini hawakuwa na mashua. Watu wa Kaisaria walijua kulima lakini si ardhi ya namna ile, na bahari waliiogopa. Makundi mawili yaliyopewa kijiji kimoja yalitazamana kama wageni. Tunajua wenyewe jinsi kisima kimoja kinavyoweza kuleta ugomvi hata kwa watu wa ukoo mmoja.

Jirani wa mnarani

Mwaka 1928 mume na mke walikuja wakapanga ule mnara wa zamani. Mke alikuwa Joice NanKivell Loch, mzaliwa wa Queensland, Australia, mwaka 1887. Mume wake, Sydney Loch, alikuwa amepigana Gallipoli katika Vita vya Kwanza. Wote wawili walikuwa waandishi. Walikuwa wamehudumia wakimbizi huko Poland, kisha Ugiriki, pamoja na Marafiki, yaani Waquaker, Wakristo wale wale ambao dada zetu wa magharibi mwa Kenya wanawajua tangu misheni ya Kaimosi ilipoanzishwa mwaka 1902.

Walikuja mnarani kutafuta utulivu wa kuandika vitabu. Utulivu hawakuupata. Mama mwenye mtoto mwenye homa akiona taa mnarani, hatauliza kama mwenye taa anaandika kitabu. Joice hakuwa daktari, lakini aliletewa wagonjwa, naye akatafuta dawa na kuwatibu kadiri alivyoweza. Baada ya muda akawa ndiye zahanati ya kijiji. Mwezi wa Septemba 1932 tetemeko kubwa lilipouangusha mji jirani wa Ierissos, wao wawili walikuwa miongoni mwa waliokimbilia huko kuwahudumia majeruhi.

Hadi hapo unaweza kusema, hii ni habari ya wema kama nyingine tulizozisikia: mgeni mwenye dawa na watu maskini wanaopokea. Lakini kuna methali yetu ambayo sisi wenyewe huisema kwa kejeli: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huwa tunaisema tukitaka kumfukuza mtu kwa adabu. Tukiitazama vizuri, ina hekima nyingine ndani yake. Mtu unayemlisha kila siku hubaki mgeni. Mtu uliyempa jembe amekuwa mwenyeji. Ana shamba, ana mavuno, ana neno la kusema penye baraza.

Joice Loch aliliona jambo hilo. Dawa ilitibu homa, lakini haikutibu njaa, na njaa ilirudisha homa. Wanawake wa kijiji hawakuhitaji kuhurumiwa zaidi. Walihitaji kazi itakayoleta fedha mkononi mwao wenyewe. Akatazama walichokuja nacho.

Nakshi za mahali wasipoweza kuingia

Tulianza kwa kuuliza mkono uliobaki ungeshika nini. Wanawake wa Kaisaria walikuja na kitu ambacho askari hawezi kukipora, yaani ujuzi wa vidole vyao. Nchi walikotoka ilisifika kwa mazulia tangu kale. Kufuma zulia la mafundo si mchezo. Sufu husafishwa, husokotwa iwe uzi, hutiwa rangi, halafu nyuzi za msingi hutandikwa kwenye mtambo wa mbao, na mfumaji hufunga fundo moja baada ya jingine, safu juu ya safu, mpaka maua, ndege na miti vionekane. Zulia moja linaweza kuchukua miezi. Ni kazi ya subira, na mama anaweza kuifanya huku ananyonyesha na kuangalia chungu.

Kazi hiyo ikaanzishwa kijijini. Mazulia yake yalijulikana kwa jina la Pyrgos, neno la Kigiriki lenye maana ya "mnara". Rangi zilipikwa kwa majani, mizizi na magome ya miti, kama mama zetu wa pwani wanavyopika rangi za ukindu wa mikeka.

Na nakshi zilitoka wapi? Hapa ndipo sisi tuliposimama kidogo tuliposoma habari hizi. Sydney, kwa kuwa ni mwanamume, aliweza kuingia Mlima Athos. Katika monasteri zile alitazama vitabu vya kale vilivyoandikwa kwa mkono na kupambwa kwa michoro, akachora aliyoyaona na kuyaleta mnarani. Michoro hiyo ikawa nakshi za mazulia.

Kwa hiyo wanawake wale, wasioruhusiwa kukanyaga Athos hata kwa nusu saa, walikaa mbele ya mitambo yao, umbali ambao mtu anaweza kuutembea kwa miguu kutoka mpakani, wakazifuma kwa vidole hazina za nyumba wasizoweza kuziona. Wengi wao hawakujua kusoma vitabu vile. Lakini walivisoma kwa mafundo.

Hatutaki kuingia katika mjadala wa sheria ya watawa. Hiyo ni habari ya Kanisa lao na ina historia yake. Tunasema tu kwamba kuna milango ambayo mwanamke huikuta imefungwa, na bado mkono wake ukapata njia ya kufika. Tukakumbuka pia Lidia, yule mama muuza rangi ya zambarau aliyempokea Mtume Paulo nyumbani kwake. Lidia alikuwa mzaliwa wa Thiatira, ng'ambo ya bahari, katika nchi ile ile walikotoka wakimbizi wetu. Naye alikuwa mgeni akifanya biashara yake Filipi ya Makedonia. Karne 19 baadaye, wanawake wengine wa ng'ambo walikuwa Makedonia wakiuza rangi na sufu.

Kazi haikumaliza umaskini wote. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza mwaka 1939, akina Loch waliondoka kwenda Romania kuwahudumia watu wa Poland waliokuwa wakikimbia, kisha wakaendelea na kazi hiyo hadi Palestina. Watu wengine wa Poland wa vita hiyo hiyo walifika hata kwetu: kuanzia mwaka 1942 maelfu yao walikaa kambi ya Tengeru karibu na Arusha, na makaburi yao yako pale hadi leo. Ugiriki nayo ilitawaliwa na Wajerumani na washirika wao tangu mwaka 1941 hadi 1944, watu wakafa kwa njaa, na baadaye ikaingia vita ya wenyewe kwa wenyewe iliyoisha mwaka 1949.

Baada ya vita akina Loch walirudi mnarani. Sydney alifariki katika miaka ya 1950. Joice alibaki kijijini peke yake na kuendelea, na mwaka 1968 akachapisha kitabu cha maisha yake. Serikali kadhaa zilimtunuku nishani. Alifariki mwezi wa Oktoba 1982 akiwa na miaka 95, akazikwa pale pale Ouranoupoli, mgeni kati ya waliokuwa wageni.

Watalii walipoongezeka, mabinti waliona kazi za hoteli zina fedha ya haraka kuliko mafundo, na mitambo ikanyamaza mmoja mmoja. Hilo halituhuzunishi sana. Jembe ni la kulimia. Ukishavuna, unaweza kuchukua chombo kingine.

Waliokwenda upande wa pili

Itakuwa dhambi tukisimulia machozi ya upande mmoja tu. Mapatano yale ya Lausanne yaliwaondoa Waislamu wapatao 350,000 na zaidi kutoka Ugiriki. Wengi wa Krete hawakujua Kituruki. Lugha yao ya nyumbani ilikuwa Kigiriki. Nao walifika Uturuki wakaitwa wageni, wakapewa nyumba za Wakristo waliokwisha ondoka, wakakuta mitini ya watu wengine uani. Kuna mama wa Kiislamu aliyefunga mlango wake Makedonia siku ambazo mama wa Kikristo alikuwa anafunga wake Kapadokia. Kama wangekutana njiani, tunadhani wangeelewana bila mkalimani.

Bibi watatu kwenye benchi

Mwezi wa Oktoba 2015 picha moja ilizunguka dunia nzima. Ilipigwa katika kijiji kidogo cha wavuvi kisiwani Lesbos, mkabala na Uturuki. Bibi watatu wa Kigiriki, wamevaa nguo za wajane na wazee, wamekaa kwenye benchi. Mmoja anamnywesha maziwa kwa chupa mtoto mchanga aliyetoka kuvuka bahari kwa mtumbwi wa mpira. Mama yake mtoto, kijana kutoka Syria, amesimama kando. Mwaka huo watu zaidi ya 800,000 walivuka maji hayo kuingia Ugiriki.

Watu waliuliza, bibi hawa wamepata wapi moyo huo? Jibu lao lilikuwa rahisi: mama zao wenyewe walivuka maji hayo hayo mwaka 1922. Hawakuhitaji semina ya kuwafundisha mkimbizi ni nani. Mwaka 2016 mmoja wao alipendekezwa kwa Tuzo ya Nobel ya Amani kwa niaba ya watu wa visiwa.

Tuseme ukweli wote: moyo huo haukudumu kila mahali. Katika kisiwa hicho hicho kambi ya Moria, iliyokusudiwa watu wapatao 3,000, ilijaa mara kadhaa zaidi, ikawa mahali pa aibu, hata ikateketea kwa moto mwezi wa Septemba 2020. Wenyeji walichoka, wengine wakawageukia wageni kwa hasira. Damu ya mkimbizi peke yake haimfanyi mtu kuwa mkarimu. Mtoto lazima asimuliwe. Bibi yake asiposema, mjukuu atadhani hoteli imekuwepo siku zote.

Na sisi je?

Huenda mtaani kwenu yupo mama aliyehamia juzi. Pengine amekimbia vita, pengine ukame, pengine mume. Matamshi yake yanachekesha watoto. Chakula chake kina harufu msiyoizoea. Siku ya kwanza mlimpelekea uji, na Mungu awabariki. Je, siku ya tatu?

Tunashauri jambo moja tu mwezi huu. Mwulizeni mama huyo anajua kufanya nini. Msimuulize amepoteza nini. Hilo atalisema siku moyo wake utakapokuwa tayari. Mwulizeni vidole vyake vinajua nini: kusuka, kushona, kupika mkate wa kwao, kutunza kuku, kufundisha hesabu. Kisha tazameni pamoja ni nani anaweza kununua, na nani ana cherehani iliyolala. Mkiwa na kikundi cha kuweka na kukopa, mwacheni aingie kwa mchango mdogo kama wenzake, akatwe faini kama wenzake akichelewa. Nayo hiyo ni heshima.

Na jioni moja, kabla watoto hawajalala, wasimulieni ninyi wenyewe mlitoka wapi. Kila familia ina safari yake, hata kama ilikuwa ya kutoka kilima hiki kwenda kilima kile. Watajeni bibi zenu kwa majina, na semeni mkono wao uliobaki ulishika nini.

Tuandikieni mtuambie mliyoyagundua. Tukijaliwa, tukutane mwezi ujao. Mungu awe nanyi na nyumba zenu.